Barua ya wazi kuhusu MRI ya ubongo baada ya tiba ya kinga: tusimsimamishie mgonjwa dawa kwa picha moja

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mganga Mkuu wa Serikali,
Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya,
Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa,
Wakurugenzi wa hospitali za taifa na za rufaa za kanda.

YAH: UFUATILIAJI WA UVIMBE WA UBONGO KWA MRI BAADA YA TIBA YA KINGA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni daktari wa radiolojia. Kazi yangu ni kusoma picha za MRI, na nyingi kati ya hizo ni za ubongo. Nawaandikia hadharani kwa sababu ninachokiomba kinagusa ofisi zenu zote, na hakuna hata moja inayoweza kukimaliza peke yake. Ninaomba mgonjwa wa uvimbe wa ubongo aliyeanzishiwa tiba ya kinga, yaani dawa zinazoifanya kinga ya mwili wake ishambulie saratani, asisimamishiwe dawa kwa sababu tu picha moja imeonyesha doa limekua. Kwanza apimwe kwa vipimo vya MRI vinavyosaidia kutofautisha uvimbe unaokua na uvimbe unaoshambuliwa na kinga ya mwili. Vipimo hivyo vipo, na vingi vinawezekana kwenye aina ya mashine ambazo nchi yetu imekwisha kuzinunua.

Tiba ya kinga haiui saratani moja kwa moja kama zifanyavyo mionzi au dawa za kemo. Inaondoa kizuizi kinachozifanya seli za kinga za mgonjwa zisiishambulie saratani. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018 kwa kuonyesha namna ya kuondoa kizuizi hicho. Ipilimumabu, mojawapo ya dawa hizi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa ajili ya melanoma, aina ya saratani ya ngozi, nivolumabu na pembrolizumabu zikafuata mwaka 2014. Leo zipo hata tiba ambazo seli za kinga za mgonjwa hutolewa, zikarekebishwa maabara, kisha zikarudishwa mwilini. Mwaka 2024 madaktari wa Boston walitoa taarifa za wagonjwa 3 wa glioblastoma, uvimbe mkali unaoanzia ubongoni wenyewe, waliopewa seli za namna hiyo, na picha zao za MRI zilibadilika ndani ya siku chache.

Najua swali litakaloulizwa mezani: hayo ni ya Boston, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, tena kwa haraka kuliko tunavyodhani. Wagonjwa wetu wanaotibiwa India wanarudi na faili zenye majina ya dawa hizi. Madaktari wa hospitali ya saratani ya Tata Memorial, Mumbai, walionyesha kwamba kwa saratani ya kichwa na shingo, miligramu 20 tu za nivolumabu kila wiki 3, zikiongezwa kwenye vidonge vya bei nafuu, zilipandisha idadi ya walio hai baada ya mwaka mmoja kutoka asilimia 16.3 hadi 43.4. Dozi ya kawaida ni mara nyingi zaidi ya hiyo. Na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliongeza pembrolizumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa saratani iliyosambaa ya shingo ya kizazi, ya mapafu na ya utumbo mpana. Saratani ya shingo ya kizazi hatuhitaji kuitafuta mbali. Bei itashuka, dawa zitaingia, na sehemu ya wagonjwa watakaozitumia watakuwa na saratani iliyofika ubongoni.

Sitaki kuziuza dawa hizi kuliko zinavyostahili. Kwa glioblastoma, jaribio kubwa la wagonjwa 369 lililolinganisha nivolumabu na bevasizumabu, dawa inayozuia uvimbe kuota mishipa ya damu, halikuonyesha faida: wastani wa kuishi ulikuwa miezi 9.8 kwa kundi moja na 10.0 kwa jingine. Lakini kwa melanoma iliyosambaa ubongoni hali ni tofauti kabisa. Katika utafiti uliotoka mwaka 2018, nivolumabu na ipilimumabu kwa pamoja ziliwanufaisha asilimia 57 ya wagonjwa 94, na kwa asilimia 26 madoa ya ubongoni yalitoweka yote kwenye picha. Wapo wanaopona kiasi hicho, kwa hiyo kumsimamishia mtu dawa kimakosa kuna gharama inayohesabika kwa uhai.

Sasa nije kwenye picha, maana hapa ndipo penye kiini cha barua yangu.

Tunapompiga mgonjwa MRI ya ubongo tunamchoma dawa ya kung'arisha yenye madini ya gadolini. Sehemu yenye uvimbe huonekana nyeupe. Ndugu wakionyeshwa ule weupe huamini wanaiona saratani yenyewe, na hata baadhi yetu madaktari tunazungumza hivyo. Kinachoonekana pale ni mishipa ya damu inayovuja. Ubongo una kizuizi kinachozuia vitu vingi vilivyomo kwenye damu kupenya. Kizuizi kikiharibika, gadolini hupita na eneo hung'aa. Saratani inayokua hukiharibu. Seli za kinga zinapoivamia saratani nazo hukiharibu, huku maji yakijaa pembeni. Kwenye picha ya kawaida matukio hayo mawili, moja baya na moja jema, yanaweza kufanana kabisa. Doa linaongezeka, ubongo wa pembeni unavimba, pengine doa dogo ambalo halikuwa likionekana nalo linajitokeza.

Hali hii haikuanza na tiba ya kinga. Tuliijua kwa wagonjwa wa mionzi na temozolomaidi, dawa ya kemo, hasa ndani ya wiki 12 baada ya mionzi kuisha. Tiba ya kinga imeifanya iwe ngumu zaidi, kwa sababu uvimbe wa mshambulio, yaani kuvimba kunakoletwa na kinga inapoivamia saratani, unaweza kuja mapema au kuchelewa kwa miezi.

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye picha zake zilifika mezani kwangu zikiwa zimechelewa. Saratani ya mapafu ilikuwa imesambaa ubongoni, akaanzishiwa tiba ya kinga nje ya nchi, na fedha za dawa zilitoka kwenye kiwanja ambacho familia ilikiuza. Aliporudi alipigwa MRI katika hospitali ambayo sitaitaja. Ripoti iliandika kwamba uvimbe umeongezeka. Alikuwa anatembea mwenyewe, anapika, anawasahihishia wajukuu madaftari. Dawa ilisimamishwa kwa ripoti ile, wala hakuna aliyepanga kurudia kipimo. Picha iliyofuata ilipigwa baada ya muda mrefu kwa sababu ya maumivu ya kichwa yasiyohusiana na saratani, na lile doa lililodaiwa kukua lilikuwa limesinyaa likawa dogo kuliko mwanzo. Katika miezi hiyo yote hakupewa dawa, na kwenye mapafu ugonjwa ulikuwa umesonga mbele. Mwanawe aliniuliza, "Daktari, kwa hiyo ile dawa ilikuwa inafanya kazi?" Nilimjibu kwamba kwa ubongoni, ndiyo, ilikuwa inafanya kazi. Sijui kama nimewahi kutoa jibu zito kuliko hilo.

Vipimo vya hali ya juu vingeweza kusaidia vipi? Cha kwanza ni kupima mtiririko wa damu ndani ya doa. Gadolini huchomwa kwa kasi, mashine ikapiga picha mfululizo kwa takriban dakika 2, kisha kompyuta ikakokotoa kiasi cha damu ndani ya doa na kukilinganisha na upande wa pili wa ubongo ulio mzima. Uvimbe unaokua hujitengenezea mishipa mingi, hivyo kiasi cha damu hupanda. Eneo lililojeruhiwa na tiba huwa na damu kidogo. Ipo pia njia ya kupima mtiririko bila kuchoma chochote, kwa kuiwekea alama ya sumaku damu inayopanda kupitia shingoni, na hiyo inawafaa wenye figo dhaifu. Cha pili ni kupima jinsi maji yanavyotembea kati ya seli: zikisongamana sana, maji hukosa nafasi. Kipimo hiki ni cha dakika chache na tayari tunakitumia kila siku kwa wagonjwa wa kiharusi. Cha tatu ni spektroskopi, inayosoma kemikali zilizomo ndani ya doa. Kolini, kemikali ya kuta za seli, ikipanda na kemikali ya seli hai za neva ikishuka, tunaishuku saratani. Mafuta na laktati vikitawala, huenda tunaangalia tishu iliyokufa.

Hakuna kati ya hivyo kinachotoa hukumu peke yake, na ni lazima niliseme hili wazi. Seli za kinga zikijazana ndani ya uvimbe nazo hubana maji, na mshambulio mkali nao unaweza kupandisha mtiririko wa damu. Anayetegemea namba moja ya siku moja atakosea. Uzito upo kwenye mwelekeo wa namba hizo kutoka picha hadi picha, zikisomwa pamoja na hali ya mgonjwa, dawa anazotumia na tarehe alizoanza kuzitumia. Ndiyo maana mengi ninayoyaomba hapa yanahusu mpangilio wa kazi kuliko mashine mpya.

Utaratibu wenyewe hatuna haja ya kuubuni. Mwaka 2015 RANO, kundi la kimataifa la wataalamu wa uvimbe wa ubongo, lilichapisha vigezo vya kufuatilia uvimbe wa ubongo kwa wagonjwa wa tiba ya kinga, vinavyoitwa iRANO. Ikiwa ni ndani ya miezi 6 tangu tiba ianze, picha imeonyesha ongezeko au hata doa jipya, na mgonjwa hajadhoofika sana kutokana na uvimbe wenyewe, anaweza kuendelea na dawa na picha ikarudiwa baada ya miezi 3. Picha ya pili ikithibitisha kwamba uvimbe umekua kweli, tarehe ya kukua inahesabiwa kuanzia picha ya kwanza. Akiwa amedhoofika, au miezi 6 imepita, mambo hubadilika. Vigezo vipya vya RANO vya mwaka 2023 navyo vinasisitiza kurudia picha pale ambapo tiba ina uwezekano mkubwa wa kuleta ongezeko la uongo. Naomba Mwongozo wa Taifa wa Matibabu uwe na ukurasa unaosema hivyo kwa Kiswahili na Kiingereza, ili daktari wa Songea au Bukoba akiletewa ripoti ya "uvimbe umeongezeka" awe na mahali pa kusimama kabla ya kufuta dawa.

Ombi jingine halina gharama yoyote zaidi ya wino. Fomu ya maombi ya MRI. Mara nyingi hutufikia ikiwa na maneno mawili matatu: "MRI ubongo, saratani." Basi. Sijui kama mgonjwa amepata mionzi, na ilikwisha lini. Sijui kama yuko kwenye tiba ya kinga. Sijui anameza deksamethasoni, steroidi ya kupunguza uvimbe wa ubongo, kiasi gani, na hili ni kubwa, kwa sababu steroidi hupunguza weupe kwenye picha hata saratani ikiwa palepale. Mgonjwa aliyeongezewa deksamethasoni wiki iliyopita anaweza kuonekana amepata nafuu, na aliyepunguziwa akaonekana amezidiwa. Bila taarifa hizo, hata MRI bora kuliko zote hainisaidii. Mganga Mkuu wa Serikali anaweza kutoa waraka kwamba ombi la MRI ya kufuatilia uvimbe wa ubongo halipokelewi bila aina ya tiba, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho ya mionzi, tarehe ya upasuaji na dozi ya steroidi. Kuijaza fomu hiyo ni kazi ya dakika chache.

Sambamba na hilo, tukubaliane kupiga picha kwa namna moja nchi nzima. Leo mgonjwa anaweza kupigwa picha ya kwanza Mwanza, ya pili Dodoma na ya tatu Dar es Salaam, unene wa vipande ukiwa tofauti mara zote tatu. Nikikuta tofauti ya milimita chache, siwezi kuapa kwamba imetoka kwenye uvimbe na si kwenye mpangilio wa mashine. Tangu mwaka 2015 upo mpangilio wa chini kabisa uliokubaliwa kimataifa, na mashine zenye sumaku ya nguvu ya Tesla 1.5 zinaumudu. Kwa mtiririko wa damu, mapendekezo ya mwaka 2020 yanakubali njia inayotumia dozi moja tu ya gadolini badala ya mbili. Hapo Bohari ya Dawa itanielewa: kwa njia hiyo kipimo cha juu hakiongezi chupa ya dawa kwa mgonjwa. Kinachohitajika ni kwamba gadolini isikatike, maana ikikosekana mfululizo wa picha nao unakatika.

Waheshimiwa wakurugenzi, naomba mnisikilize kwa makini kuhusu mikataba ya ununuzi. Mashine ya MRI inaweza kuzinduliwa kwa utepe na hotuba, kisha ikashindwa kupima mtiririko wa damu kwa sababu leseni ya programu hiyo haikuwemo kwenye mkataba. Watengenezaji huuza programu za spektroskopi na za kukokotoa mtiririko wa damu peke yake. Injekta ya kuchoma dawa kwa kasi nayo ina bei yake, na bila injekta kipimo hicho hakitegemeki. Anayeandaa zabuni akiangalia nguvu ya sumaku tu, tunabaki na mashine ya gharama kubwa inayofanya kazi za kawaida. Kuziongeza leseni hizo baadaye ni ghali kuliko kuziingiza mwanzoni, wakati muuzaji bado anautaka mkataba. Nawasihi, kila zabuni ya MRI ipitiwe na daktari wa radiolojia na mteknolojia atakayeitumia, na iwe na leseni hizo, injekta, matengenezo na mafunzo. Na mafunzo yasiwe ya siku mbili ambayo mkufunzi anaondoka kabla mgonjwa wa kwanza hajapanda kitandani.

Kwa upande wa bima, ombi langu linaeleweka kirahisi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetupa nafasi ya kufikiria upya kitita cha mafao. Naomba kitita kiitambue MRI ya kurudia kwa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo aliye kwenye tiba ya kinga kuwa sehemu ya tiba, isionekane kama kipimo kilichozidi. Hata kwa hesabu ya fedha peke yake, picha ya pili ni nafuu kuliko miezi kadhaa ya dawa isiyofanya kazi, na ni nafuu kuliko upasuaji wa kufungua fuvu kwa uvimbe ambao ungesinyaa wenyewe.

Picha za zamani nazo zina umuhimu uleule. Wagonjwa wengi huzibeba kwenye bahasha au CD, na CD zinakwaruzika, zinapotea kwenye mabasi, nyingine hazifunguki. Bila picha ya awali sina cha kulinganisha, na kusoma picha ya tiba ya kinga bila kulinganisha ni kubahatisha. Hospitali za kanda ziunganishwe ili picha ya Bugando ionekane KCMC na Muhimbili, huku siri ya mgonjwa ikilindwa kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inavyotaka.

Picha hizo zina faida nyingine pia. Programu za kompyuta zinazopima ukubwa wa uvimbe zimefundishwa zaidi kwa picha za Ulaya na Marekani. Mwaka 2023 BraTS, shindano la kimataifa la programu hizo, lilifungua mlango wa Afrika, BraTS-Africa, likitumia picha za wagonjwa wa Nigeria, kwa sababu mashine zetu na hatua ambayo wagonjwa wetu wanafika nayo hospitali havifanani na vya huko. Ningependa kuona Tanzania nayo ikichangia picha zake, zikiwa zimeondolewa majina, ili programu zitakazotufikia kesho ziwe zinaujua ubongo wa mgonjwa wetu.

Nisingependa mtu asome barua hii akadhani nasema tusubiri tu. Kusubiri nako kuna hatari. Uvimbe wa mshambulio unaweza kuubana ubongo hadi ukaua, hasa kwa mtoto mwenye uvimbe kwenye shina la ubongo, ambako hakuna nafasi ya ziada. Huyo hahitaji miezi 3, anahitaji daktari wa upasuaji wa ubongo leo. Na kama saratani imekua kweli, familia ina haki ya kujua mapema kabla haijauza kiwanja cha pili. Ndiyo maana uamuzi usiachwe kwa msomaji wa picha peke yake, mimi nikiwemo. Taasisi ya MOI ya Muhimbili wanafanya upasuaji, Taasisi ya Saratani Ocean Road wanatoa mionzi na dawa. Naomba kikao cha pamoja cha kila wiki, kwa njia ya video, ambacho hospitali yoyote ya kanda inaweza kuleta mgonjwa wake na picha zikaangaliwa na wote.

Kati ya yote niliyoyaandika, mawili yanaweza kufanyika mwaka huu huu bila kusubiri Bunge la bajeti: waraka wa fomu ya maombi, na ukurasa mmoja kwenye Mwongozo wa Taifa wa Matibabu. Rasimu ya yote mawili ninayo, na wenzangu kadhaa wameshaipitia. Nitaileta ofisi yoyote kati yenu itakayoniita, pamoja na picha zilizoondolewa majina, ili mjionee wenyewe jinsi doa linalokua na doa linaloshambuliwa yanavyofanana kwenye picha ya kawaida, na yanavyoanza kutofautiana damu yake inapopimwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Daktari wa radiolojia,
Dar es Salaam